Mgunga wa Upande wa Barabara

Emanikor ndiye aliyekuwa akimpelekea mama yangu sukari. Nilikuwa nikiishi Kanamkemer, Lodwar, katika chumba cha kupanga karibu na shule ya chekechea niliyofundisha, na duka la mke wa Emanikor lilikuwa mkabala na lango la shule. Lori la Emanikor lilikwenda Kakuma karibu kila wiki kuchukua kuni na makaa. Nilimpa mfuko wa sukari, majani ya chai na tumbaku, naye akaupokea kwa mikono miwili, mtu mzima wa rika la marehemu baba, akaniambia nisiwe na wasiwasi, mzigo wa Mama Akai ni mzigo wake. Nilimshukuru. Nilimshukuru kila mara, kwa sauti yangu hii ya chini inayomfanya mtu ainame ndipo anisikie. Nikizikumbuka shukrani hizo leo nauma meno.

Mama yangu, Akai, ni mjane. Mali yake ni mbuzi, na uhai wa mbuzi wake ni miti. Miti yenyewe iko Kakuma, ukitoka mjini kidogo, kuanzia ukingo wa mto Tarach mpaka karibu na lami inayokwenda Lokichoggio. Ni migunga mikubwa, ile tunayoiita ewoi. Kiangazi kikikaza na nyasi zikiisha, migunga hiyo huangusha maganda yenye mbegu, ngitit kwa lugha yetu, na mbuzi huishi kwa hayo mpaka mvua irudi. Ukanda wa miti kama huo una mwenyewe. Tunauita ekwar. Baba aliurithi kwa baba yake, na alipokufa mama aliendelea kuushika.

Sheria za ekwar anazijua kila mtoto aliyekulia kando ya mto. Mtu wa nje haingizi mbuzi wake mpaka asimame pembeni na kuomba. Mti mbichi haukatwi na mtu yeyote ila wa nyumba hiyo. Mti mkavu hauna mwenyewe. Hata mpita njia anaweza kuuchukua, na kumnyima ni aibu. Halafu kuna hili: ekwar ni miti, si mchanga. Inaanza kwenye mgunga hai wa kwanza na kuishia kwenye mgunga hai wa mwisho. Nje ya hapo ni ardhi tupu, na siku hizi ardhi tupu iliyo karibu na lami huitwa ploti.

Kaka yangu wa pekee, Ekiru, ndiye aliyeshika msumeno wa petroli katika kazi ya Emanikor. Alipopata kazi hiyo mama aliwaambia majirani wote. Mtoto aliyeshindwa na ng'ombe, aliyeshindwa na shule, sasa alikuwa na mashine inayomtii. Nami nilifurahi. Tangu utotoni Ekiru alikuwa akinibeba mabegani kuvuka mto ukiwa na maji, na mtu aliyenicheka kwa ajili ya aibu zangu alipigana naye.

Shule zilipofungwa Novemba nilirudi nyumbani. Nilishuka barabarani mchana, nikatazama mahali ambapo tangu nikiwa mdogo palikuwa na kivuli kimoja kirefu kutoka lami mpaka mtoni, nikaona jua. Katikati ya ekwar yetu palikuwa wazi. Visiki, vumbi la mbao, na migunga mingine iliyosimama bila jani hata moja, ikingoja kama watu waliopanga foleni hospitalini. Upande wa pili wa mto, kwenye ekwar ya jirani, miti ilikuwa ya kijani na imejaa ngitit. Mchanga ni ule ule, mvua ni ile ile.

Kwetu ilikuwa imebaki hai miti michache ya ukingoni, na mmoja tu upande wa barabara. Huo ni mkubwa kuliko yote, na matawi yake yanafika karibu na lami.

Mama alinipokea vizuri, akanishika uso, akaniuliza kama nakula. Nilipomwuliza kuhusu miti alisema ni ukame. Miti huchoka kama watu, akasema, na bahati nzuri watu wa Emanikor ni watu wa adabu. Hawakuingia ovyo. Kila mti ulipokauka walisimama nje ya ekwar, wakamtuma Ekiru aje kuomba, naye akawaambia wachukue, maana nani anamnyima mtu mti mkavu. Tena aliwachemshia chai. Wakati wanakata, yeye alikuwa akichemsha chai kwa sukari niliyomtumia, akiwapelekea kwenye birika, akiwaombea Mungu awape nguvu.

Alinieleza hayo akitabasamu. Nilifikiri nami kwamba ni ukame, ingawa ule ukijani wa ng'ambo ya mto ulikuwa ukinichoma machoni.

Ni mbuzi aliyenionyesha. Mbuzi kabla ya kulala huparua mchanga kwa kwato apate mahali penye baridi. Siku iliyofuata, alasiri, jike mmoja mwenye mimba alikuwa akiparua kwenye shina la mgunga ulioanza kuwa wa njano, na mchanga ulipotoka niliona mti ukiwa uchi. Nilimsukuma mbuzi, nikapiga magoti, nikachimba kwa mikono. Chini ya mchanga gome lilikuwa limeondolewa, mviringo mzima, upana wa kiganja, limekatwa safi kwa panga mpaka kwenye mti mweupe. Mti uliovuliwa gome hivyo haupandishi chakula tena. Unaonekana mzima, unasimama, unangoja kufa, na hakuna anayejua kwa nini.

Nilikwenda kwenye mti wa pili, nikachimba. Nikaenda kwenye kisiki, nikachimba. Yote ilikuwa hivyo, yote, isipokuwa ile michache iliyokuwa bado na majani mabichi. Aliyefanya kazi hii alikuwa amerudisha mchanga na kuusawazisha. Kisha, juu ya mchanga, alikuwa amerudisha vinyesi vya mbuzi, vikavu juu, vibichi kidogo chini, kama vinavyolala vyenyewe mahali ambapo mbuzi wameshinda.

Nilikaa hapo chini nikivitazama vile vinyesi. Mtu wa mjini asingekumbuka jambo hilo. Dereva wa Emanikor ni mtu wa Kitale. Angesawazisha mchanga akaondoka. Kukumbuka vinyesi kunamtaka mtu aliyechunga hapa, aliyelala hapa mchana kutwa akiwa mtoto, anayejua mama yake atapita asubuhi akitazama chini na kuona kama mahali pamefagiliwa. Nilijua ni nani. Nilijua kabla ya kusimama.

Mama alipokuja nilimwonyesha. Aliinama, akaingiza kidole katika lile jeraha, akauzunguka mti wote akiwa ameinama, kidole ndani, mpaka akarudi alipoanzia. Kisha alitazama vile vinyesi nilivyovisogeza pembeni. Alirudi nyumbani, akachukua birika lililokuwa na chai, akaimwaga yote nje.

*

Siku ya lori kuja, mama alimwita Mzee Adome. Adome ndiye anayesikiliza ugomvi wa miti upande wetu wa mto. Ni mzee mkali wa sheria, mwenye magoti mabovu, na magoti hayo ndiyo yaliyomfanya alipende lori la Emanikor, maana lilimfikisha zahanati bila kutembea. Alikuja na kigoda chake. Kwa kawaida kikao kama hicho huwa kivulini, lakini pale katikati hapakuwa na kivuli cha kutosha wanaume wote, kwa hiyo waliketi juani kati ya visiki, wakisogeza kofia zao mbele kila baada ya muda. Jambo hilo peke yake lingetosha kuwa hukumu, kama kungekuwa na haki.

Nyuma yetu, kwenye mchanga wa mto, walisimama wanawake kutoka kambi ya wakimbizi. Walikuwa wakilifuata lori kila lilipokuja, waokote magome na vijiti vinavyobaki. Walikaa mbali, kwa sababu wanawake wa kwetu wanaouza kuni waliwahi kuwapiga na kuwanyang'anya kamba. Niliyemfahamu kati yao ni mmoja, Marie-Claire, mama wa Kikongo, kwa kuwa mtoto wake aliwahi kucheza na watoto wa jirani yetu.

Emanikor alikuja amevaa shati jeupe, akawasalimu wote, ejok kwa huyu, ejok kwa yule, akamwinamia mama yangu. Ekiru alibaki amesimama kando ya lori, msumeno mkononi. Hakunitazama.

Mama alieleza kwa maneno machache. Aliwapeleka wazee kwenye mti mmoja, akawaonyesha. Wazee walitikisa vichwa. Emanikor naye alitikisa kichwa, kwa huzuni kubwa kuliko wote. Alisema ni jambo baya sana, huenda ni vijana wa kuchoma makaa, vijana siku hizi hawana heshima. Yeye alikuwa akichukua miti mikavu tu, tena kwa ruhusa, tena akinyweshwa chai na mwenye ekwar mwenyewe.

"Nani ameona mimi nikikata mbichi?" akauliza. "Mtu asimame, aseme ameona."

Hakuna aliyesimama. Nilisimama mimi. Nilitaka kusema kuhusu vinyesi vya mbuzi, kwamba aliyefanya hivi ni mtu wa nyumba yetu na kwamba mtu wa nyumba yetu hafanyi kazi ya nyumba yetu, anafanya kazi ya Emanikor. Nilikuwa na maneno yote kichwani, yamepangika. Yalipotoka yalikuwa kama ya mtu anayeongea ndani ya blanketi.

Adome aliweka mkono sikioni. "Huyu anasema nini?"

"Anasema hajambo," Emanikor akamjibu, na wanaume wakacheka. Hata Ekiru aliinamisha kichwa akacheka. Yule yule aliyepigana na walionicheka.

Nilikaa chini. Uso ulinichoma kuanzia masikioni mpaka shingoni.

Adome alitoa uamuzi. Alisema mti umeuawa, hilo ameliona, na aliyeuua amefanya uovu, lakini hajulikani, na mtu hatozwi mbuzi kwa kudhaniwa. Mti ukishakufa umekufa. Mti mkavu hauna mwenyewe, na Emanikor kuuchukua hajavunja lolote. Emanikor alishukuru, kisha akaongeza, kwa upole, kana kwamba anatusaidia, kwamba tayari ameomba ile ardhi ya katikati mpaka barabarani. Anataka kuweka ghala na kituo cha mafuta, vijana wapate kazi. Hakuna mti pale, kwa hiyo si ekwar ya mtu.

Mmoja wa wazee alimkumbusha kwamba uko mmoja. Mgunga wa upande wa barabara uko hai, na maadamu uko hai, ekwar ya Akai inatoka mtoni mpaka pale, hata kama katikati ni jangwa. Adome alikubali. Emanikor alitabasamu akasema sawa, sawa, yeye si mtu wa haraka.

Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini miti ilikufa kuanzia katikati kuelekea barabarani. Alitaka ardhi. Kuni zilikuwa nauli tu ya kumfikisha kwenye ardhi.

Mama alikuwa bado amesimama. Alimwomba Adome arudie neno lake kuhusu mti mkavu. Adome, kwa kuudhika kidogo, akarudia: hauna mwenyewe, anayeubeba ndiye mwenye nao.

"Hata huo ulio ndani ya lori?" mama akauliza.

Lori lilikuwa limejaa. Walikuwa wamepakia miti yetu tangu asubuhi, kabla ya kikao, magogo yaliyopangwa vizuri, mazito, mekundu ndani.

"Ameshaubeba," Emanikor akasema.

"Umebebwa na lori. Lori si mtu." Mama aligeuka kuelekea mtoni na kuwaita wale wanawake wa kambini kwa mkono. "Njooni. Mzee amesema hauna mwenyewe."

Hawakusogea. Marie-Claire ndiye aliyekuja mbele, kamba shingoni, akanong'ona kwangu kwa Kiswahili chao cha kule: "Mwalimu, haiko mutego? Siku ingine batatupiga." Nilimwambia si mtego. Alinitazama usoni kwa muda, akaona kitu fulani pale, sijui nini, akageuka akawapigia wenzake kelele kwa lugha yao, nao wakaja wote kwa pamoja.

Sijawahi kuona lori likipakuliwa hivyo. Walipanda juu, wakasukuma magogo chini, wakafungua kamba, wakafunga mizigo, wakabebeshana. Tanboi mmoja wa lori alijaribu kuwazuia, akapewa ncha ya gogo ashike, akajikuta anawasaidia. Wanawake wa kwetu, wale wauzaji, walisimama wakitazama wateja wao wakijichukulia kuni bure, na nyuso zao zilikuwa mbaya. Kisha mmoja wao alitema mate, akafungua kamba yake, akaingia. Baada ya hapo hapakuwa na wa kambi wala wa mji. Mama yangu alisimama kando na mikono nyuma. Wanaume walikuwa wameanza kucheka tena, lakini safari hii hawakunicheka mimi.

Emanikor alimgeukia Adome. Adome alitazama magoti yake. Neno lilikuwa lake na lilikuwa bado halijapoa.

*

Kama Emanikor angeondoka wakati ule, pengine angeipata ardhi ile polepole kama alivyopanga. Lakini alikuwa amechekwa mbele ya watu. Shati lake lilikuwa limejaa vumbi la magome. Alimwendea Ekiru, akamwambia jambo kwa sauti ya chini, Ekiru akatikisa kichwa kukataa. Emanikor hakunong'ona tena.

"Baba yako aliacha mtoto wa kiume mmoja. Ni wewe ama si wewe? Kata."

Akawageukia wazee na kuwauliza kama mwana wa nyumba anakatazwa kukata mti mbichi wa baba yake. Adome alisema, kwa sauti nzito, kwamba hakatazwi. Ni upumbavu, lakini si kosa. Mti wa baba ni wa mwana.

Ndipo nikajua kwa nini Emanikor alimchukua kijana aliyeshindwa na kila kitu na kumpa msumeno. Hakuwa amemwajiri mkata miti. Alikuwa amemwajiri mrithi.

Ekiru alitembea kuelekea mgunga wa barabarani. Sote tulimfuata. Alivuta kamba ya msumeno, ukakataa, akavuta tena, ukawaka. Sauti yake ilijaza mahali pote. Kaka yangu hakuwa amelewa siku ile, wala hakuwa mtu aliyelazimishwa kwa bunduki. Alikuwa na aibu ya kuchekwa, na alikuwa akimwogopa Emanikor kuliko alivyotuogopa sisi. Nimejaribu kumtafutia sababu nyingine. Sijaipata.

Mama alipiga kelele akamwambia Adome kwamba ekwar iko mikononi mwake tangu mumewe afe, na anaitoa sasa, mbele ya mashahidi. "Nampa Nakuleu," akasema, akinishika mkono. Nakuleu ni mimi. "Hii miti ni ya Nakuleu kuanzia sasa."

Adome alitikisa kichwa. Hakukataa kwamba mama anaweza. Mjane aliyeshika ekwar anaweza kumpa mtoto wake yeyote, akasema, hata wa kike kama hajaolewa. Lakini anayepewa lazima aipokee kwa mdomo wake mwenyewe, asikiwe na waliokaa. Mtu hapokei miti kwa kunyamaza.

"Pokea," mama akaniambia.

Nilisema nimepokea. Adome aliweka mkono sikioni. Nilisema tena, kwa nguvu, nguvu zangu zote kama nilivyozijua mpaka siku ile. Ekiru alikuwa akinitazama kupitia bega lake. Aliniona nikifungua mdomo, na alijua vizuri kuliko mtu yeyote duniani jinsi sauti yangu ilivyo. Akakaza kidole. Msumeno ukanguruma zaidi, ukameza neno langu, na bado hakuwa ameugusa mti. Alikuwa akiuwasha dhidi yangu.

Kisha akaugusa. Magome yaliruka, na utomvu wa mti mbichi una harufu yake, kama ya mvua ya kwanza. Meno yalizama ndani kiasi cha kiganja.

Kitu fulani kilikatika ndani yangu. Sijui kukieleza kwa heshima. Mimi ni mtu ninayeomba radhi nikikanyagwa. Nilitembea, sikukimbia, nikamfikia kwa nyuma, nikanyoosha mkono chini ya kiwiko chake mpaka kwenye mpini wa nyuma ambapo swichi ipo, nikaizima. Mnyororo ulipita karibu na vidole vyangu kabla haujasimama. Niliusikia upepo wake.

Ekiru alikuwa amepauka.

"Una wazimu? Ingekata mkono yako."

"Ungengoja ukauke," nikasema, "halafu ungesema hauna mwenyewe."

Nilisikia sauti yangu ikirudi kutoka upande wa mto. Watu wote walikuwa wameisikia. Nilimgeukia Adome na sikungoja aweke mkono sikioni.

"Nimepokea miti ya baba yangu kutoka kwa mama yangu. Huu, na ya kule, na iliyouawa. Ni yangu. Ekiru, toa msumeno wako kwenye mti wangu."

"Nimesikia," Adome akasema. Wazee wengine nao, mmoja mmoja, wakasema wamesikia.

Ekiru hakuutoa. Alicheka, kicheko kibaya chembamba. "Wewe mwalimu utakaa hapa? Na mbuzi? Wewe ambaye ukiona mbuzi anachinjwa unalia?"

"Nitakaa."

"Shule zikifunguliwa utapanda gari."

"Utoe."

Alimtazama mama. Mama alikuwa akitazama jeraha la mti, hakumtazama yeye. Alimtazama Emanikor, na Emanikor alikuwa ameshaanza kutembea kuelekea lori tupu, akipangusa shati. Ekiru alivuta msumeno ukatoka. Nilitaka jambo moja zaidi. Nilimwambia Adome kwamba aliyeujeruhi mti wa mtu hutozwa. Nilitaka atozwe, tena mbele yangu. Nilitaka atozwe kwa huo na kwa yote iliyokufa.

Adome alisema jeraha lile liliingia kabla ya neno langu kusikika. Wakati ule mti ulikuwa bado wa mwana wa nyumba. Hakuna faini.

"Na iliyokufa?"

"Nani ameona?" akasema. Alisema hivyo bila furaha, akainuka kwenye kigoda chake, akaondoka kwa miguu. Lori lilimpigia honi akaliacha lipite.

*

Mama aliliziba lile jeraha kwa udongo wa mtoni uliochanganywa na samadi, akalifunga kwa kipande cha shuka lake. Mti haujafa. Tawi la upande ule limekauka. Mengine yote yana majani.

Januari shule ilifunguliwa Kanamkemer bila mimi. Mwalimu mkuu, Mama Chepchumba, aliniuliza kwenye simu kama nimefikiri vizuri, nami nikamwambia ndiyo, na nilikuwa nadanganya. Nina diploma. Nililia usiku wa kwanza, na wa pili. Lakini ekwar ambayo mwenyewe hayupo hupotea, na nilikuwa nimeshasema nitakaa. Mbuzi wetu wengine tuliwauza, maana miti iliyobaki haitoshi kuwalisha wote. Jike aliyeparua mchanga alizaa mapacha, mmoja akafa kwa kukosa maziwa. Emanikor ameweka vigingi upande wa pili wa lami, na lori lake likipita dereva hupunguza mwendo hapo kwenye mgunga, waliomo wakautazama, wakaenda. Kila asubuhi mimi huchimba mchanga kwenye shina la kila mti hai, nipapase gome, nifukie.

Februari, ngitit zilipoanza kuanguka, Ekiru alikuja. Alikuwa ameacha kazi, au kazi ilikuwa imemwacha; mtu asiye na urithi hakuwa na faida kwa Emanikor. Alikuwa na mbuzi wachache, wa mke wake, mbavu nje. Alisimama nje ya mti wa kwanza, mahali wanaposimama wageni, na akaomba. Aliomba vizuri, kwa maneno yote yanayotakiwa, akiniita kwa jina langu na la baba.

Nilimwacha juani kwa muda. Nilimtazama mabega yake, yale aliyonibebea. Moyo wangu ni mwepesi, watu wote wananijua hivyo, na nilingoja uniambie nimruhusu. Mbuzi wake walikuwa wakinusa hewa, wakisikia harufu ya ngitit. Wao hawakuwa wamekata kitu.

Nyuma ya pale tuliposimama kulikuwa na visiki.

Nilimwambia mama yuko nyumbani, akitaka kumsalimu apite, hakuna anayemzuia mtu kumsalimu mama yake. Maji pia yapo.

"Na hawa?" akauliza, akiwaonyesha mbuzi.

"Hawa hapana."

Alifikiri hakunisikia. Aliinama kidogo, kama watu walivyozoea kuinama kwangu, akasogeza sikio. Nikamwambia tena.